Saba Yuko Foleni

Jumatatu, 3 Machi

Mtambo umewashwa leo saa nne asubuhi, na kidole kilichobonyeza ni changu. Naandika mapema kabla watu hawajaanza kujigawia sifa.

Miaka sita nimekaa chumba cha mawasiliano cha idara ya maji na uokoaji, nikiamua kwa mdomo nani aongee kwenye redio za upepo. Redio arobaini na moja, chaneli tatu, na kila mtu anadhani lake ndilo la haraka. "Ngoja wewe. Sema wewe. Wewe nawe toka hewani." Nikifika nyumbani sauti imekauka, jirani ananiuliza kama nimetoka kuzika. Sasa kazi hiyo inafanywa na mtambo mkuu, kabati la chuma linalovuma pembeni yangu kama friji kuukuu. Mtu akibonyeza redio yake, mtambo unaona namba yake, unamtafutia chaneli iliyo wazi, unampa. Kama zote zina watu, redio inamlilia ti-ti-ti, maana yake ngoja, na namba yake inawaka njano kwenye skrini yangu, upande wa foleni. Chaneli ikipatikana mtambo unamwita wenyewe. Mwenye daraja la juu anapita mbele ya mwenye daraja la chini hata kama kaja nyuma yake.

Na madaraja anaandika nani? Mimi. Mkurugenzi alinishika bega mbele ya wote akasema, "Orodha ni yako. Wewe ndiye unayewajua." Bosi wa namna hii hapatikani kirahisi. Nimefurahi hadi nimemsamehe fundi mitambo, yule tunayemwita Bwana Lakini, aliyesimama mlangoni na miwani yake iliyofungwa uzi akasema, "Hongera. Lakini wa daraja la mwisho, siku ya msongamano, atangoja mpaka lini?"

"Mpaka zamu yake ifike, fundi. Kwani benki wanafanyaje?"

Akaondoka akitikisa kichwa. Watu wengine wamezaliwa kuharibu sherehe.

Jumatano, 5 Machi

Madereva wameshanipa jina: Mama Foleni. Sawa tu.

Kituo cha Saba ni kaka yangu. Ndiye mlinzi wa malango ya bwawa, mwendo wa saa nzima juu ya mlima, mahali simu ya mkononi haishiki hata ukipanda juu ya paa. Ana redio tu. Kila asubuhi saa moja anaingia hewani: "Saba yupo, maji yamelala, ova." Hapo angetakiwa kunyamaza. Thubutu! Atasema kunguru kaiba sabuni yake, atauliza kama Shangazi kanywa dawa, atanikumbusha nilivyoanguka kwenye matope siku ya kipaimara changu. Watu arobaini wanasikiliza. Nilimwambia hii si redio ya salamu. Akasema, "Huku juu naongea na ukuta wa bwawa, mdogo wangu, na wenyewe haucheki."

Jumanne, 11 Machi

Kila redio ina kitufe chekundu cha hatari. Ukikibonyeza mtambo haukuulizi daraja wala foleni: unamkata mtu yeyote unakupa wewe nafasi. Kaka kakibonyeza mara tatu ndani ya siku mbili. Si yeye, ni mkanda wake wa suruali. Redio yake ni kuukuu na kitufe kimelegea, akiinama tu, hatari! Leo kamkata dereva wa gari la wagonjwa katikati ya sentensi. Tulisikia nini? Kaka yangu akipiga mluzi huku anafagia.

Mkurugenzi kaja mwenyewe. "Kifunge hicho kitufe chake mpaka apate redio nyingine." Nikakifunga, ni kazi ya dakika moja kwenye kompyuta. Bwana Lakini alikuwa chini ya meza anashughulika na nyaya. Sauti yake ikatoka huko: "Lakini redio nyingine inakuja lini?" Mkurugenzi akasema imeshaagizwa.

Jumatano, 12 Machi

Mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Niliitwa juu. Mkurugenzi kaniwekea kiti, kaniagizia chai, kisha kanionyesha karatasi: Kituo cha Saba kinatumia dakika nyingi za hewani kuliko gari la zimamoto. "Najua ni ndugu yako," akasema, "na ndiyo maana nakuachia ulifanye wewe, lisionekane limetoka juu." Anataka Saba ashuke daraja la nne, pamoja na wasoma mita, stoo na watunza bustani. Daraja la kwanza anataka wakubwa wa idara, ili wakipiga wasingoje.

Nilimwambia bwawa ni bwawa, na mvua zimeanza. Akatabasamu. "Anapiga mara mbili kwa siku kusema maji yamelala. Hilo haliwezi kungoja sekunde tano?"

Nikaona ana hoja. Tena, niseme kweli maana hapa naandika peke yangu: nilikuwa nimechoka kuchekwa kwa sababu ya kaka. Nimebadilisha orodha, nimeichapa, nimesaini.

Jumapili, 23 Machi

Tumekula kwa Shangazi, watatu, kama zamani. Ndiye aliyetulea baada ya mama, na nyumba yake iko Mtaa wa Chini, nyumba ya tatu kutoka mtoni. Kila mwaka tunamwambia ahame, kila mwaka anauliza kama hiyo nyumba mpya tumeshaijenga.

"Maji yakija?" kaka akamuuliza.

"Yakija yatanikuta. Mimi na wewe nani mlinzi wa maji? Ulinde basi!"

Kaka akamweleza kwa mara ya mia. Maji yakifika mstari mwekundu lazima afungue malango, la sivyo ukuta wenyewe utapasuka na mji mzima utakwenda. Lakini hafungui kabla hajaniita mimi. Mimi ndiye ninayepiga king'ora cha Mtaa wa Chini kutoka chumba cha mawasiliano. King'ora kikilia watu wana dakika ishirini za kupanda juu, ndipo anafungua. "Kwa hiyo ukisikia kelele, Shangazi, acha sufuria, kimbia."

"Nikimbie na magoti haya? Mwambie huyu dada yako apige mapema."

Tulicheka. Sikumwambia kaka kuhusu daraja la nne.

Ijumaa, 28 Machi

Saba amengoja sekunde arobaini. Barabara ya juu imefunikwa na udongo, chaneli zimejaa.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua siku ya tano bila kupumua. Nguo hazikauki, ukuta wa chumba cha mawasiliano umeota ukungu nyuma ya mtambo. Asubuhi Saba amengoja dakika tatu na nusu. Alipopata nafasi akasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mdogo wangu. Huko mjini kuna harusi?" Kisha akasema kile ambacho sijawahi kumsikia akisema: "Maji hayajalala."

Bwana Lakini alisikia. Akaja akasimama nyuma ya kiti changu. "Umemweka la ngapi?"

"La nne. Ni agizo."

"Na kitufe chake umekifunga."

"Ni agizo, fundi."

"Sikatai. Lakini mtu ambaye hana kitufe na yuko daraja la nne, hana redio huyo. Ana jiwe."

Nilimfokea. Nilimwambia akashike bisibisi aniachie kazi yangu. Jioni nzima nimekuwa na hasira naye, hasira ya mtu aliyeguswa jipu.

Jumanne, 8 Aprili

Saba: "Hatua mbili kufika mstari mwekundu." Hakutania, hakumuulizia Shangazi. Nilipanda kwa Mkurugenzi nikamwomba nimrudishe kaka daraja la pili na kumfungulia kitufe. Alikuwa anapanga viti. Keshokutwa wanakuja wageni kutoka miji mingine kuja kuuona mtambo wetu, na mimi ndiye nitakayewaeleza. "Orodha tusiiguse sasa hivi," akasema, "isije ikavurugika mbele za watu. Ijumaa, wageni wakishaondoka, tunaipitia pamoja."

Ningeweza kuirudisha mwenyewe. Neno la siri ninalo. Nimesema Ijumaa si mbali.

Alhamisi, 10 Aprili

(Naandika Ijumaa mchana. Jana sikuweza kushika kalamu.)

Wageni tisa walifika saa saba na nusu, viatu vimelowa. Turubai la mapokezi lilikuwa limejaa maji na kuinamia viti, kwa hiyo wakubwa wetu watatu wakashika redio kila mmoja: huyu anauliza viti vihamishiwe wapi, huyu anaelekeza gari la mgeni aliyepotea, huyu anagombana na wapishi kwa nini chakula hakijafika. Daraja la kwanza wote. Chaneli tatu, wakubwa watatu. Mmoja akimaliza, anabonyeza tena kabla mtu mwingine hajapewa.

Mimi nilivaa gauni la bluu. Nilikuwa naeleza vizuri, Mungu anisamehe, nilikuwa najisikia. Saa nane na dakika kumi na mbili namba saba ikawaka njano.

Nikaiona. Nikajua ni yeye. Nikafikiria: saa hizi si zako, kaka, usiniaibishe leo.

Mgeni mmoja, mama mnene mwenye daftari, akanyoosha kidole. "Hiyo namba inayowaka ni nini?"

Nikafurahi, maana ulikuwa mfano mzuri. "Huyu ni Kituo cha Saba. Ameomba kuongea. Mnaona chaneli zote zina watu? Zamani angeingilia mazungumzo, sasa mtambo unampanga." Namba ikazimika, ikawaka tena. "Mnaona? Kabonyeza tena. Mtambo hauhangaiki naye, unajua kuwa ni wa daraja la nne."

"Na akiendelea kubonyeza?"

"Abonyeze mpaka kidole kiote sugu," nikasema. "Atangoja."

Wakacheka, wakapiga makofi. Mkurugenzi akanitazama kama baba anavyomtazama mtoto aliyefaulu. Bwana Lakini alikuwa ukutani. Hakupiga makofi. Alikuwa anatazama ile namba, kisha akaanza kuja mbele akipenya katikati ya wageni, akasema kwa sauti, "Mpe chaneli. Mama, kata mtu mmoja umpe huyo." Mkurugenzi akamshika mkono, akacheka na wageni: "Mafundi wetu hawa!" akamtoa nje taratibu. Mimi nilikuwa na kitufe cha kumkata mtu yeyote, kiko pale pale mkononi. Aliyekuwa chaneli ya kwanza alikuwa anauliza soda ziko wapi. Sikumkata. Nikawageuza wageni tukaenda kutazama betri za akiba.

Niliporudi kwenye skrini saba ilikuwa imezimika. Nikasema amechoka.

Saa nane na dakika thelathini na nane dereva wa gari la wagonjwa akaingia hewani kwa kitufe chekundu, akipiga kelele kwamba Mtaa wa Chini kuna maji hadi madirishani. Nikapiga king'ora. Nilikipiga kwa mikono miwili na kwa nguvu zote, kama vile nguvu ingesaidia. Kilikuwa kinawalilia watu ambao tayari walikuwa ndani ya maji.

Wamekufa wanne. Shangazi alikutwa jikoni kwake.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumemzika. Kaka alifika na nguo zilezile za kazini. Alisema mbele ya ukoo wote: "Niliita. Redio ililia ti-ti-ti. Niliita tena na tena, ukuta ukaanza kutoa maji kwenye nyufa, nikafungua. Ningefanyaje?" Baba mdogo alikataa kumpa mkono. Alisema mtu aliyefungua maji juu ya mama yake asimwambie habari za redio.

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka hapo.

Jumatatu, 14 Aprili

Kaka kasimamishwa kazi. Nyumba ya kituo kanyang'anywa, yuko kwangu, analala sebuleni. Jioni kaosha vyombo vyote bila kuombwa. "Umebaki wewe tu unayeniamini," kaniambia.

Jumatano, 16 Aprili

Mkurugenzi kanipa karatasi nisaini: "Kati ya saa nane na saa nane na nusu, chumba cha mawasiliano hakikupokea mazungumzo yoyote kutoka Kituo cha Saba." Kila neno ni kweli. Hakupewa chaneli, angezungumzaje? "Ni redio yake mbovu," akasema. "Sote tunajua ile redio. Hakuna anayetaka kumfunga, ataachishwa tu. Na wewe una kazi yako ya kulinda." Sauti yake ilikuwa ileile ya siku ya chai. Nilidhani ni upole. Kumbe ndivyo anavyoongea akiwa na shida na mtu.

Nimesaini. Hii ni mara ya pili.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua imepungua. Kaka haongei.

Jumanne, 22 Aprili

Bwana Lakini kanikuta kantini. Akakaa bila kukaribishwa. Mtambo, kasema, unaandika kila kitu: nani kabonyeza, saa ngapi, kanyimwa mara ngapi. Kumbukumbu hizo zinakaa siku thelathini, halafu mtambo unajifutia wenyewe ili kupata nafasi. Za tarehe kumi zitafutika tarehe kumi Mei. Kamati ya uchunguzi imepangwa kukaa tarehe kumi na mbili. "Imepangwa na nani, unafikiri?" Yeye hana neno la siri. Ninalo mimi na Mkurugenzi tu.

Nilingoja aseme lakini. Hakusema. Alimaliza chai yake akaondoka, na mimi niliyekuwa namwona mkosi nikatamani arudi.

Jumapili, 27 Aprili

Kaka kaanza kujitilia shaka. Anakaa na kikombe kitupu mkononi, anabonyeza ubavu wa kikombe kwa kidole gumba, anasikiliza. "Labda sikubonyeza sawasawa," kasema leo. "Labda nilichanganyikiwa. Labda nilifungua mapema, mdogo wangu. Labda ningemngojea."

Nimekwenda chooni nikafungua bomba ili nisisikike.

Jumamosi, 3 Mei

Zimebaki siku saba. Nikinyamaza zitapita zenyewe. Ndicho kinachonitisha: kwamba sihitaji kufanya kitu chochote.

Jumatano, 7 Mei

Mkurugenzi kaniambia kiti cha msaidizi wake kipo wazi. Kanishika bega palepale alipolishika siku ile. Nimeogopa mkono wake.

Ijumaa, 9 Mei

Saa sita, wote wakiwa kwenye chakula, nimechapa. Kurasa mbili: orodha ya miito ya tarehe kumi, na orodha ya madaraja yenye saini yangu. Karatasi ya kwanza ikakwama kwenye printa. Nimezikunja nikaziweka kifuani. Nakala moja nimempa Bwana Lakini aipeleke kwa mwenyekiti wa kamati leo leo, kabla sijapata muda wa kujihurumia. Jumatatu nitasimama nikane ile karatasi niliyosaini. Kazi imekwisha, hilo najua. Lakini kaka asije akasikia kwa kamati, lazima asikie kwangu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimempa asubuhi, mezani, baada ya chai.

Alisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Saba, ameomba, foleni. Saba, ameomba, foleni. "Kumi na tisa," akasema. "Nilidhani ni kama kumi." Kisha uso wake ukafunguka, uso ambao sijauona mwezi mzima. "Kumbe ilikuwa inafika! Kumbe sikuwa mwendawazimu!" Akainuka akanikumbatia, akalia kwa nguvu begani kwangu, akanishukuru. Nilimwacha anishukuru. Sikujua ningemzuia vipi.

Halafu akageuza ukurasa wa pili.

"Hii ni saini yako."

"Ndiyo."

"Alikulazimisha."

"Aliniambia tu. Na kitufe chekundu nilikifunga mimi."

Akakaa. Alikunja karatasi, akaikunjua. Nikaona anatafuta mlango wa kunitolea, kama alivyokuwa anafanya tulipokuwa watoto na mimi nimevunja kitu.

"Lakini wakati ule hukuwepo," akasema. "Ulikuwa umetoka kidogo. Ungekuwepo ungeniona."

Ningeweza kusema ndiyo, nilikuwa nimetoka.

"Nilikuwepo, kaka. Nilikuona tangu ulipobonyeza mara ya kwanza. Nilikuwa nakuonyesha kwa wageni."

Hakunipiga, hakupiga kelele. Aliangalia zile karatasi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Wakasemaje?"

"Walipiga makofi."